Kipande kilichonipotea kwenye podo

Wiki tatu nilikwama kwenye mchoro wa nukta mbili na mshale mmoja. Michoro hii naiita podo, lile lile la mwindaji. Mwanahisabati Peter Gabriel alipoipa jina aliiita Köcher, neno la Kijerumani lenye maana hiyohiyo, basi kwiva (quiver) ya Kiingereza ya nini?

Uwakilishi wa podo ni kuweka nafasi ya vekta (V1 kwenye nukta 1, V2 kwenye nukta 2) kwenye kila nukta na ramani, yaani njia ya mstari ya kupeleka vekta za nafasi moja kwenye nyingine, kwenye kila mshale. Gabriel alionyesha mwaka 1972 ni podo zipi zina vipande visivyogawanyika vinavyohesabika hadi mwisho: zile zenye umbo la michoro ya Dynkin, familia maalumu za nukta na mistari zinazoitwa A, D na E. E8 ina 120. Langu, A2, lina vitatu tu, na bado lilinitoa jasho.

Mshale unatoka 1 kwenda 2. Kwa dimensheni, yaani ukubwa wa nafasi ya nukta 1 kisha wa nukta 2 (d1, d2), vipande ni (1,0), (1,1) na (0,1). Nikavipitisha kwenye fankta ya kuakisi ya Bernstein, Gelfand na Ponomarev, kanuni inayogeuza uwakilishi mmoja kuwa mwingine: geuza mshale, kisha kwenye nukta 2 weka kiini cha ramani, yaani vekta zinazoishia sifuri. (1,0) ikawa (1,1). (1,1) ikawa (1,0). (0,1) ikayeyuka, sifuri tupu.

Lakini kanuni ya mizizi, inayohesabu dimensheni baada ya kuakisi, inasema namba ya pili iwe d1 − d2, na hapo (0,1) inatoa (0,−1). Dimensheni ya hasi moja! Nilifuta, nikaandika upya, nikafuta tena.

Fasili ya kategoria iliyonyambuliwa, ambamo minyororo ya nafasi na ramani hushika mahali pa nafasi mojamoja, nilikuwa naikariri tu, kama dua usiyojua maana yake. Kilichonifungua ni kuacha kuchukua kiini peke yake. Niliibakiza ramani nzima, V1 kwenda V2, kama mnyororo wa ngazi mbili: kiini ngazi ya kwanza, na kile ambacho ramani haikukifikia katika V2 ngazi ya pili. Kwa (0,1), kiini ni sifuri, lakini V2 yote imebaki ngazi ya pili, na ngazi hiyo huhesabiwa kwa alama ya kutoa. Hasi moja yangu hiyo hapo! Kipande kilikuwa kimehamia chumba cha pili, na kutoka huko kinarudishika.

Usiku huohuo nilifanya A3, podo la nukta tatu kwenye mstari, vipande sita, kwa mkono. Kila nilipoakisi, kilihama kimoja tu: kile kinachokaa peke yake kwenye nukta inayoakisiwa. Sasa nimeongeza mshale wa pili kati ya nukta zilezile mbili. Vipande havina mwisho tena, ila anayehama ni yuleyule (0,1).