Choo cha Bwana Afya

Juzi mjukuu wangu alirudi na kazi ya shule: taja aina nne za vyoo. Akaniuliza, "Bibi, nyie mlikuwa na choo gani?" Nikamwambia tulikuwa na choo cha Bwana Afya. Akaandika hivyohivyo. Sijui mwalimu wake atasahihishaje.

Ni mambo ya 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Wakubwa walikuwa wakikusanyika chini ya mwembe kusikiliza kipindi cha redio kutoka Dar es Salaam, kisha mwenye kujua kusoma anawasomea kijitabu: malaria, kuhara, kichocho, safura. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni 2. Kwetu msomaji alikuwa baba, hivyo choo chetu ndicho kilichotangulia kuchimbwa. Shimo refu, magogo juu yake, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Kilipendeza kuliko jiko la mama.

Siku ya ukaguzi Bwana Afya akaja na baiskeli, mguu mmoja wa suruali kaufunga kamba usinaswe na mnyororo. Akafunua mfuniko, akachungulia, akanusa. Hakuna harufu. Baba akatabasamu. Mgeni hakutabasamu. Alirudi nje, akasimama akitazama chini kwenye kijia cha kwenda chooni: majani yameota, mabichi, hayajakanyagwa. Kisha akapitisha kalamu kwenye fremu ya mlango, utando wa buibui ukajizungusha nchani.

"Mzee, choo hiki cha nani?"

"Chetu sote," baba akajibu.

"Mnakitumia lini?"

Kimya. Mama akageukia ukutani. Ndipo babu, kwenye kigoda chake, akakohoa: "Mwanangu, nipishane na mkwe wangu mlangoni pa choo, halafu jioni anipigie magoti kuniandalia chakula?"

Yule bwana alikuwa na jibu la nzi, la minyoo, hata la kinyesi cha mtoto mchanga. Hilo hakuwa nalo. Kijitabu hakikuwa na ukurasa wa wakwe. Akafungua daftari, akaandika, akapanda baiskeli yake. Baba, aliyekuwa amechungulia begani, alituambia kilichoandikwa: "Choo kipo." Uongo haukuwa.

Baadaye baba alichimba shimo la pili nyuma ya zizi, la babu peke yake, na lile la kwanza tukaanza kulizoea, watoto kwanza, kwa kuogopa fisi zaidi kuliko minyoo. Kipindupindu kilipolipuka nchini mwishoni mwa 1977 na kusambaa mikoani, kwetu hakikugonga. Baba alikwenda kaburini akiamini ni vile vyoo. Mama anasema ni maji aliyokuwa akiyachemsha yeye, maana babu hajawahi kuonekana akielekea nyuma ya zizi hata siku moja.