Kabla hujagusa BIOS, tafuta zile namba 48

Jumatatu asubuhi chai hata sijaimaliza, dogo mmoja wa mwaka wa tatu huyo kaingia ofisini kabeba laptopu ikiwa wazi hivyohivyo, skrini ya bluu. Shikamoo kaka, hii inaniomba ufunguo, mimi ufunguo gani sasa? Risechi yake yote iko humo na supavaiza anaitaka Ijumaa. Nikaiangalia tu nikajua, BitLocker hiyo, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, inataka ufunguo wake wa namba 48. Namuuliza ulifanya nini, ananiambia nimefuata tangazo la chuo.

Tangazo lenyewe niliandika mimi.

Iko hivi, Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft walishasema mwisho wa kuihudumia ni tarehe 14 Oktoba 2025. Watu walikuja kuniuliza eti siku hiyo laptopu inazima, hapana jamani, inawaka kama kawaida, ila apdeti za usalama haziji tena, likipatikana tundu ndio limebaki wazi hivyo, na laptopu zenyewe ndio hizi zinazochomekwa flashi iliyotoka kuprintia kila stationari ya getini. Basi tukaambiwa watu wa IT tuandike mwongozo wa kuhamia Windows 11, nikaandika ukurasa mmoja msafi kabisa: ingia BIOS (ile menyu ya kabla Windows haijawaka), washa TPM (chipu ya kutunza siri za mashine), washa Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), pakua, endelea. Kwenye kompyuta za maabara ilienda kama maji maana zile ni zetu tunazijua.

Nilichosahau ni laptopu za wanafunzi zinatoka wapi. Nyingi ni used za Dubai watu wamezifuata Kariakoo, HP EliteBook 840 G3 zimejaa mabwenini utafikiri ziligawiwa. G3 ina prosesa ya Intel jenaresheni ya 6 na Windows 11 inataka ya 8 kwenda juu. Kuijua si kazi, angalia namba inayofuata i5 au i7, kama ni i5-6300U ile 6 ya mbele ndio jenaresheni yenyewe, ukikuta i5-8250U uko vizuri. Muuzaji yeye zote anakwambia ni kor ai faivu, na hajadanganya! Wapo mafundi wanaoliruka hilo sharti la prosesa kwa flashi na inaingia kweli, ila hapo Microsoft hawakuahidi apdeti, sasa tumehama ili iweje.

Ya dogo ilikuwa G5, inakubali. Tatizo Secure Boot ilikuwa imezimwa, akaingia BIOS akaiwasha kama nilivyoandika, mashine ikaona nimebadilishwa mimi, ikadhani imeibiwa ikajifunga. Hiyo ndio kazi yake, wala haijakosea. Ufunguo huwa unakaa kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiseti mara ya kwanza, tukafungua ya dogo, hamna kitu. Nani alikusetia? Fundi wa dukani. Tukampigia, akasema kaka akaunti yangu ina mashine kama arobaini humu, ya kwako ipi? Bahati skrini ya bluu inaonyesha ID ya ufunguo, tukamsomea akaipata, akaanza kututajia namba sita sita, makundi manane, la tano tukalikosea tukaanza upya. Ilipofunguka dogo alikaa chini kwenye sakafu, hakusema kitu.

Mimi nikabaki nawaza wale wengine arobaini.

Mwongozo nimeuandika upya siku ileile na sasa unaanza kinyume. Kwanza kopi kazi zako, flashini na mtandaoni, OneDrive wanakupa GB 5 bure, zinatosha risechi, hazitoshi siriz. Halafu ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft mashine ikiwa bado nzima uone kama ufunguo wako upo, uandike kwenye karatasi (usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo, nimeshayaona hayo). Kama haupo na BitLocker imewaka, izime, subiri imalize kabisa, ingia kwa akaunti yako mwenyewe ndio uiwashe tena. BIOS inakuja baada ya hapo, na hata hapo isitishe BitLocker kwa muda kwanza. Kupakua usitumie bando, faili linazidi GB 5, tumia vaifai ya chuo usiku watu wamelala, chaja iwe imechomekwa. Na ukishahama ukaona imekuwa nzito una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kufomati.

Wenye G3 msikimbilie kuuza. Kuna mpango wa kuongezewa apdeti za usalama za Windows 10 mpaka 13 Oktoba 2026, na ni bure ukikubali setingi zako zihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, ukifungua ukurasa wa Windows Update unakuta pa kujiandikisha. Sijui kwa nini hili sikuliweka mwanzoni, maana nusu ya watu wangu ndio hawa, na hela ya laptopu nyingine wanaitoa wapi kabla boom (hela ya mkopo wa chuo) haijaingia.

Juzi dogo karudi na wenzake wawili, laptopu zao zote za duka lilelile, bado hazijajifunga. Nikampigia fundi. Akapokea anacheka, kaka leo nisomee ID ngapi?