Alasiri ya 4,294,967,297

Ilikuwa Jumamosi, kwenye klabu ya hisabati ya sekondari niliyokuwa nikifundisha Morogoro. Niliandika ubaoni: 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa namba za aina hii, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kisha jumlisha 1, zote ni tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Hii ndiyo ya sita, na kazi ilikuwa kuitafutia kigawo bila kikokotoo.

Kijana mmoja alikimbilia majedwali ya logi. Logi ya 2 ni 0.3010, mara 32 unapata 9.6320, na ukiirudisha inakuja kama 4,285,000,000. Imepungua karibu milioni kumi, kwa sababu zile 0.00003 zilizokatwa kwenye logi nazo zimezidishwa mara 32. Jedwali linafaa kukadiria tu. Kwenye kugawanyika, tarakimu ya mwisho ndiyo inayoamua.

Wengine walishaanza kugawanya kwa 3, 7, 11. Niliwazuia, maana kwa njia hiyo giza lingewakuta. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyekipata kigawo mwaka 1732, alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii kina umbo la 64k + 1. Kwa hiyo tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, 641... Na 257 inatoka, kwa kuwa namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja.

Binti wa kidato cha tatu alichukua 641. Huhitaji kubeba tarakimu kumi: unapandisha vipeo na kubaki na baki peke yake. 2 kwa kipeo cha 8 ni 256. Kipeo cha 16 ni 65,536; toa 641 × 102, baki 154. Kipeo cha 32, kwa kutumia baki hiyo, ni 154 × 154 = 23,716; toa 641 × 36, baki 640.

"Mwalimu, imekataa," wakasema wa nyuma. Hapo ndipo wengi huteleza: wanasahau ile 1. Binti hakugeuka hata kidogo. Aliandika 640 + 1 = 641, akaweka chaki chini, na darasa zima likapiga kelele.

Mgawo ni 6,700,417. Je, nao ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na baadaye mwanahisabati Édouard Lucas alibana umbo la vigawo likawa 128k + 1, hivyo zinabaki 641, 769, 1,153 na 1,409. Tuligawana kwa madawati. Mabaki yalikuja 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Wakataka ya saba papo hapo. Hiyo ina tarakimu 20, na kigawo chake kidogo kabisa ni 274,177, yaani 256 × 1,071 + 1. Niliwaandikia kigawo hicho, wakaenda kukihakiki bwenini kwa njia ileile ya mabaki.