Gunia la korosho na kanuni zinazotazamana

Tubuni lebo ya gunia ambayo mtu yeyote wa Mtwara ataisoma bila tabu: inaanza na m (Mtwara) au l (Lindi), zinafuata tarakimu moja au zaidi, inaishia na k kwa daraja la kwanza au p kwa la pili. m407k inapita. mk haipiti, maana haina namba.

Tukiandika t badala ya tarakimu yoyote, sarufi yake, yaani kanuni za kuiunda kuanzia S, ni hii (→ ni “geuza kuwa”, | ni “au”, na herufi kubwa ni vigeu, alama za muda zinazosubiri kugeuzwa):

S → mA | lA
A → tB
B → tB | k | p

Ni sarufi regula, ile aina ya 3 kwenye ngazi za sarufi za mwanaisimu Noam Chomsky: kila kanuni inatoa herufi moja, na kigeu kikibaki kinakaa kulia. Kuigeuza mashine, ile inayosoma lebo herufi mojamoja huku ikihama hali moja hadi nyingine, ni kazi ya dakika mbili. Kila kigeu ni hali, kila kanuni ni mshale, ongeza hali moja ya kumalizia, jumla nne. B ina mshale unaojirudia.

Wengi huiona A kama mzigo, wakaandika A → tA | k | p. Hapo mk imeshapenya. A ndiyo inayolazimisha tarakimu ya kwanza. Ukitaka tarakimu tatu kamili, andaa kigeu kwa kila hatua, kwa sababu sarufi hii haina kidole cha kuhesabia.

Kigeu kukaa kushoto (A → Bt) nako ni halali, mradi kanuni zote zikae hivyo. Balaa ni kuchanganya. Weka i kwa gunia linaloingia ghalani, o kwa linaloondoka, na ε kwa mfuatano mtupu:

S → iA | ε
A → So

Ukitazama kanuni mojamoja, huoni kosa. Fuata sasa: S ⇒ iA ⇒ iSo ⇒ iiAo ⇒ iiSoo ⇒ iioo. Zimetoka i kadhaa na o idadi ileile, lugha (mkusanyiko wa mifuatano inayokubalika) ambayo si regula, yaani hakuna sarufi regula wala mashine ya hali zenye kikomo inayoitosha. Kwa mfano, mashine ya hali nne ikishasoma i nne imepita vituo vitano, ukihesabu na cha kuanzia, kwa hiyo kuna hali iliyoirudia. Kuanzia hapo haiwezi kutofautisha idadi mbili za magunia, na itakubali hesabu isiyolingana.

Ghala likiwa na nafasi ya magunia matatu tu, lugha inarudi kuwa regula: ε, io, iioo, iiiooo, basi. Kwa magunia elfu bado ni regula, ila kanuni utaziandika mpaka msimu ufungwe.