Usiandike "kamili" kama hujaijenga

Nina seti ya LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuchezea yanayoshikana, iko mezani hapa wiki ya tatu sasa, imeshajengwa yote kasoro vipande vinne, na siiuzi. Watu wawili wameshaniuliza, mmoja akasema anaichukua hivohivo, nikamwambia asubiri. Nataka nieleze kwa nini, maana kila siku nakutana na matangazo ya seti zilizotumika yameandikwa "kamili, ila sijahesabu", na roho inaniuma kabisa. Kama hujahesabu, hiyo kamili umeitoa wapi?

Kwanza niseme mi sio mtu wa maboksi yenye sili. Wapo wengi na siwadharau, wananunua seti mpya wanaiweka kabatini miaka kadhaa mpaka kiwanda kiache kuitoa, sisi tunasema seti imestaafu, alafu bei ikipanda wanauza. Kuna utafiti wa wachumi wa chuo kimoja cha Moscow, walipitia seti za kuanzia 1987 mpaka 2015 wakakuta zikishastaafu zinapanda kwa wastani kama 11% kwa mwaka, na hiyo namba kila mtu anaitaja. Wasichotaja ni kwamba humohumo kwenye utafiti kuna seti zilizoporomoka mpaka nusu. Na kuna jambo jingine halimo mikononi mwako kabisa: Taj Mahal ya 2008, seti namba 10189, vipande 5,922, ilikaa miaka ikiwa mali ya kuoneana wivu, watu wameifungia kama dhahabu, alafu 2017 kiwanda kikaitoa tena kwa namba nyingine, 10256, ikiwa karibu ileile. Waliokuwa wamebana za zamani bei ikawashukia. Kiwanda hakikumuahidi mtu kitu, kwa hiyo hata wa kumlalamikia hamna.

Mi ninachofanya ni tofauti. Nanunua michanganyiko kwa kilo. Mtoto wa mtu amekua, mzazi anasafisha nyumba, kuna gunia au kontena la plastiki limejaa matofali, anataka liondoke tu. Ndani unakuta seti tano sita zimevurugika pamoja, na matofali ya kampuni zingine yamejichanganya humo, viatu vya midoli, nywele, sarafu, betri iliyovuja. Mimi hapo ndipo moyo unapotulia. Najua kwa mwingine ni uchafu lakini kwangu humo ndani kuna nyumba na meli na ndege ambazo mtu aliwahi kuzijenga hatua kwa hatua akiwa na miaka nane, na zinaweza kurudi.

Kitu cha kwanza nachambua bandia. Kila kinundu cha tofali halisi, kile kijiduara kilichoinuka juu yake, kina neno LEGO limechongwa juu yake, dogo sana, unageuzia kwenye mwanga unaliona. Hamna neno, weka pembeni, usijidanganye, hata kama linashika vizuri (pini na vidude vidogo visivyo na vinundu hivyo mpaka utafute alama sehemu nyingine, na vingine mkono ndio unaokwambia, plastiki yake ni nyepesi kidogo na mng'ao wake ni kama wa mafuta).

Alafu kuosha. Maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40, sabuni ya kawaida, mkono na mswaki laini. Maji ya moto yanapinda plastiki na ikishapinda hata kwa nywele moja haishiki tena. Vyenye stika usiviloweke, vipanguse na kitambaa. Nakausha juu ya taulo, vinundu vikitazama juu ili maji yatoke kwa chini, kivulini, maana jua ndilo linalogeuza nyeupe kuwa njano na bluu kuwa kama kijani kilichochacha.

Kwenye kupanga ndio wageni wengi wanapotea. Wanapanga kwa rangi kwa sababu inapendeza machoni. Lakini jaribu kutafuta bawaba nyekundu ndani ya ndoo ya vitu vyekundu, hutaiona, macho yanachoka dakika kumi tu. Panga kwa umbo. Bawaba zote pamoja, pleti (matofali membamba bapa) zote pamoja, na ukifungua boksi la bawaba ile nyekundu inakuita yenyewe. Nilichelewa sana kulijua hili na lilinigharimu usiku mwingi.

Kutambua seti nako kuna njia yake. Huanzi na matofali ya kawaida, lile la vinundu nane namba 3001 limo kwenye seti zisizo na idadi, halikuambii kitu. Unaanza na vitu visivyo na wenzake: kioo cha ndege, kipande kilichochapwa mchoro, kiwiliwili cha kijitu (yule mtu mdogo wa plastiki anayekuja na seti), mbwa, bendera. Chini au ndani ya vipande vingi kuna namba ndogo ya umbo, unaiingiza kwenye tovuti ya BrickLink au Rebrickable na rangi yake, unapata listi ya seti zote ambazo kilitokea. Kikitokea kwenye seti moja tu basi umeshika uzi, vuta. BrickLink kwa wasioijua ni soko lililoanzishwa mwaka 2000 na Daniel Jezek, mpenzi tu wa matofali, na 2019 LEGO wenyewe wakalinunua. Bila hilo soko mi hii kazi nisingeiweza. Na vitabu vya maelekezo vya seti nyingi vipo bure mtandaoni, hata vya miaka ya tisini.

Sasa nije kwenye kilichonifunza.

Nilipata kwenye gunia moja X-wing ya 1999, ile ndege ya vita vya angani ya filamu za Star Wars, namba 7140, ya mwaka ambao seti za Star Wars zilitoka kwa mara ya kwanza. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala. Ilikuwa imepungukiwa vipande kadhaa vya kijivu, pleti na vidude vya mabawa, mimi kijivu ninacho kingi, nikachukua kwenye stoo yangu, nikajaza, nikahesabu kwa listi usiku, ikatimia. Nikaandika tangazo, neno la kwanza kabisa "kamili". Ikauzika siku hiyohiyo.

Baada ya wiki mbili nikapata meseji. Naikumbuka neno kwa neno: "Ndugu muuzaji, seti imefika salama, asante kwa kuifunga vizuri. Ila bawa la kushoto lina kijivu cha aina mbili." Na picha, imepigwa mchana dirishani.

Nilipoiona picha nikaelewa palepale. Mwaka 2004 LEGO walibadilisha kijivu chao. Cha zamani kina ujoto, kimeelekea kwenye udongo kidogo, kipya kimeelekea kwenye bluu. Hudhurungi nayo ikabadilishwa kipindi hichohicho, ikawa nyekundu zaidi. Chini ya taa ya usiku yenye mwanga wa njano vijivu vyote viwili ni ndugu, huwezi kuvitenganisha. Mchana ni kama meno mawili, moja la mtu na moja la bandia. Seti ya 1999 haiwezi kuwa na kijivu kilichokuja miaka mitano baadaye, hilo halihitaji hata utaalamu, ni hesabu tu. Yule mteja akaniambia aliwahi kuwa nayo utotoni ikapotea walipohama, akaitafuta miaka mingi, na akiangalia lile bawa ndio kitu pekee anachokiona.

Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Nikamuomba radhi, nikamwambia namrudishia hela yote na seti abaki nayo, akakataa, akasema anataka vipande sahihi tu. Nikatafuta kimoja kimoja kwa wauzaji watatu, ikachukua kama mwezi, nikamtumia. Alipovipata akatuma picha nyingine, bawa lilelile, dirisha lilelile. Hiyo picha ninayo mpaka leo.

Tangu hapo mezani kwangu kuna tofali mbili hazihami, kijivu cha zamani na kijivu kipya, zimeshikana. Kipande chochote cha kijivu kinapita katikati yao kwanza, na kinapita mchana.

Na tangu hapo najenga. Kuhesabu hakutoshi. Listi inaweza kukwambia una kila kitu, na bado hujui kama vitu vyenyewe ni vizima. Hudhurungi na nyekundu iliyoiva za miaka fulani zina ugonjwa, zinavunjika zikiwa zinaonekana nzima kabisa, unabonyeza tofali mahali pake inalia tak, sauti kavu, kona inabaki kidoleni. Kiwiliwili cha kijitu kinapata ufa chini ya kwapa, mwembamba kama unywele, hutauona mpaka umshike mkono umzungushe. Bawaba zinalegea, mlango haufungi. Haya yote unayajua ukijenga tu, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kama atakavyojenga atakayenunua. Kuna watu wananiambia napoteza muda, kwamba muda wa kujenga seti moja ningeuza tatu. Labda. Lakini mi ninapojenga ndio napata raha yangu, nisiseme uongo, pleti tatu zikilala juu ya mwenzake zinafika urefu wa tofali moja barabara, milimita 3.2 mara tatu, 9.6, hazizidi hazipungui, na tofali la 1958, mwaka walioandikisha hataza ya mfumo wa vinundu vya juu na mirija ya ndani kwa chini, linashika la mwaka huu. Kila nikizishikanisha za umri huo tofauti nabaki nimeziangalia tu. Jina lenyewe limetokana na Kidenishi, leg godt, cheza vizuri, na tofali limekaa miaka yote hii bado linaruhusu hilo.

Suala la vijitu nalo nilisemee maana ndilo lenye mzozo. Seti nyingi, za Star Wars hasa, vijitu peke yake vinaweza kuwa na bei kuliko seti nzima iliyobaki. Kwa hiyo watu wanavichomoa wanauza pembeni, na seti inabaki yatima, imejaa mtandaoni hamna anayeitaka. Kuchambua seti mpya na kuuza kipande kimoja kimoja ni biashara halali na mimi mwenyewe naishi kwa hao wauzaji, bila wao nisingekamilisha chochote. Ila seti ya zamani ambayo imeshakuwa nzima, kuivunja tena kwa ajili ya watu watatu wa plastiki, hapana, mi siwezi. Nikimaliza kuikusanya inatoka ikiwa nzima au haitoki.

Kufunga mzigo sitaongea sana. Usitume ikiwa imejengwa, igawe sehemu kubwa kubwa, kila sehemu mfuko wake, vijitu mfuko wao, kitabu kati ya karatasi ngumu mbili, boksi ndani ya boksi. Na kwenye tangazo taja kila ubaya unaoujua: stika iliyochunika, kioo chenye mikwaruzo, kipande ulichobadilisha. Nimekuja kuona wateja wanaonunua haraka zaidi ni wale waliosoma mabaya yote kwanza.

Sasa hii iliyo mezani wiki ya tatu ni 7140 nyingine. Ilitoka kwenye mchanganyiko wa kilo nne, chafu, kioo kizima, vijitu vyote wapo hata kofia zao. Vinavyopungua ni vipande vinne vya kijivu, na kijivu ninacho kingi, wote tunajua ni kipi. Niliwaandikia wauzaji watano kuomba cha zamani. Wawili hawakujibu, wawili walisema "kijivu ni kijivu". Wa tano jana alinitumia picha imepigwa nje, mchana, pleti nne zimepangwa mstari, kushoto kaweka tofali la kijivu kipya, kulia la zamani, na wala sikuwa nimemuomba afanye hivo.

Nimeshamlipa.