Karura Niliyoiacha na Karura Niliyoikuta

Nilipokuwa mdogo, Msitu wa Karura, jijini Nairobi, ulikuwa mahali pa kupita kwa gari madirisha yakiwa yamefungwa. Kila tulipoishika Barabara ya Kiambu magharibi yakiwa yameingia, mama alimsihi dereva asipunguze mwendo, kwa maana ilijulikana mtaani kwamba majambazi walijificha humo na kwamba si mara moja wala mbili maiti iliokotwa kando ya njia. Niliondoka nchini mwaka 2006 nikiwa na picha hiyo. Niliporudi baada ya miaka kumi na minane, na dada yangu akaniambia tuamkie Karura siku ya Jumamosi, tena kwa miguu, nilidhani ananifanyia mzaha.

Kule Uingereza nilikuwa na simulizi yangu ya Karura, na nakiri kwamba niliisimulia kwa majivuno. Kila mazungumzo yalipogusa mazingira, nilieleza jinsi mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walivyofika kwenye lango la msitu tarehe 8 Januari 1999 wakitaka kupanda mti, kupinga msitu huo kukatwa viwanja na kugawiwa watu binafsi, wakavamiwa na walinzi waliokuwa wamekodishwa, yeye akapigwa kichwani, na alipokwenda kuandikisha taarifa polisi akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Nilieleza wanafunzi wa vyuo vikuu walivyoingia barabarani wiki chache baadaye, na jinsi mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Moi alivyopiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Hapo nilinyamaza, kana kwamba msitu uliokolewa siku hiyo na mambo yakaisha. Kila nililosema lilikuwa kweli, ila nilikuwa nimekata simulizi pale ilipoanza kuchosha.

Sehemu ya kuchosha nimeijua sasa, kwa sababu dada yangu ni mmoja wa watu wanaojitolea msituni, na Jumamosi ile ya kwanza hakuwa amenialika kutembea hasa. Alinikabidhi glavu na jembe. Kazi ya siku ilikuwa kung'oa lantana, kile kichaka chenye vishada vya maua ya manjano na waridi ambacho wengi wetu tulikiona uani tukakidhania pambo. Asili yake ni Amerika ya joto; ndege hula matunda yake meusi na kuzisambaza mbegu kila wanakotua, na kinaposhika mahali hufunika ardhi kiasi kwamba mche wa mti wa kienyeji haupati mwanga wa kuinukia. Kukifyeka kwa panga ni kujidanganya, maana huchipuka upya kutoka kwenye shina lililobaki. Sharti uchimbe mpaka ulifikie fundo la mizizi, ulizunguke, ulitikise, ulivute. Majani yake yakipondeka hutoa harufu kali inayong'ang'ania mikononi, na vijiba vidogo vya kwenye matawi hupenya glavu za bei yoyote. Kwa saa tatu, watu kumi na mmoja tulisafisha eneo ambalo ningelivuka kwa hatua arobaini. Nilimwuliza dada yangu msitu mzima una ukubwa gani, akanijibu kuwa ni takriban hekta elfu moja, kisha akacheka jinsi uso wangu ulivyobadilika.

Pale tulipong'oa ndipo hupandwa miche ya kienyeji: mikinduri, mihugu na mingineyo. Muhugu ni mti unaojulikana zaidi kwa wachongaji wa vinyago, kwa ugumu wa mbao zake, na hukua polepole mno, hata anayeupanda leo hapaswi kutarajia kuuona ukiwa mti mzima. Karibu yake imesimama mikaratusi mirefu, mti ulioletwa nchini mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi, nao haujali nani anausubiri. Wanaojitolea wanabishana kuhusu mikaratusi hiyo: wako wanaotaka iondolewe haraka, na wako wanaohofia kwamba lori la magogo likionekana likitoka msituni, hata kwa sababu njema, wananchi wataanza kuzoea kuliona. Mimi naelemea upande wa hao wa pili, ingawa sina miaka ya kutosha msituni ya kunipa haki ya kusema.

Kilichonishangaza kuliko kung'oa magugu ni kwamba nusu ya kazi ya watu hawa haifanyiki msituni. Dada yangu, ambaye shuleni alikuwa akitoroka somo la uraia, husoma Gazeti Rasmi la Serikali kwa umakini ambao watu wengine huuweka kwenye matokeo ya mpira, akitafuta tangazo lolote linalotaja mpaka, barabara au hati ya ardhi. Ndiye aliyenieleza kwamba Sheria ya Misitu ya 2005 iliipa jamii nafasi ya kushiriki katika usimamizi wa misitu ya umma kupitia vyama vyao, na kwamba Marafiki wa Msitu wa Karura, wanaousimamia pamoja na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), walitokana na mlango huo. Chini ya sheria iliyofuata, ya 2016, mtu hawezi kuumega msitu wa umma kwa barua ya ofisini kama ilivyokuwa enzi zile: anayetaka mpaka ubadilishwe hupeleka ombi bungeni, na ombi hilo halisogei iwapo mabadiliko yanahatarisha viumbe adimu au vyanzo vya maji, wala bila tathmini ya athari kwa mazingira na maoni ya wananchi. Zaidi ya hapo, Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Mwaka 1999 hakuna aliyekuwa na ngao ya namna hiyo. Lakini sheria haijisomi, na tangazo lisilopingwa kwa wakati wake hupita.

Kwa hiyo wanapima pia. Mara kadhaa kwa mwaka hutembea kwenye mpaka wakikagua uzio na mawe ya mpaka, wakipiga picha na kuandika tarehe, ili siku litakapozuka dai kwamba jiwe fulani halikuwahi kuwapo, pawe na daftari la kulijibu. Nimeandamana nao mara moja. Ni kazi isiyo na la kusimulia: unatembea, unainama, unafagia majani juu ya jiwe, unasoma namba, unaendelea.

Niliporudi kutoka matembezi hayo nilimtembelea mjomba wangu, na kwa kuwa nilikuwa na tope mguuni aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomjibu alinyamaza, akaingia chumbani, akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya barua ya ugawaji wa kiwanja, kimojawapo cha vile vilivyokatwa Karura katika miaka ya 1990. Mjomba hakuwa mkubwa serikalini. Alikinunua kwa mtu aliyekuwa amegawiwa, kwa akiba yake yote, akiamini kwamba karatasi yenye mhuri ni karatasi ya kweli. Mwaka 2004 tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji wa ardhi ya umma, iliposema ardhi iliyogawiwa kinyume cha sheria irudishwe, alijua kwamba pesa zake hazitarudi nayo. Miaka yote niliyokuwa nikisimulia juu ya wanyakuzi wa Karura, sikujua kwamba mmoja wa waliotapeliwa ndiye aliyenilipia karo.

"Hicho kiwanja sasa kina nini?" akaniuliza. Nilimwambia sijui kiko upande gani, lakini daftari la mpaka linaweza kutusaidia kukisia. Akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

"Na hao watu wenu, mpwa wangu, wana kazi ya mtu mwenye magoti mabovu?"

Ipo: kitalu huhitaji watu wa kujaza udongo kwenye mifuko ya miche, na kazi hiyo hufanywa kwa kukaa. Nimemwambia nitampitia Jumamosi saa mbili asubuhi, naye amenisisitizia tupitie kwanza kwenye mpaka.