Herufi za Figo

Masika ya 2018, baba mdogo aliugua. Alikuwa mchinjaji hapa Mwanza tangu sijaanza shule. Zahanati walimpa dawa ya malaria mara mbili, ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Macho yalikuwa mekundu, na vigimbi vilimuuma hata akashindwa kushuka kwenye mawe ya kwake Mabatini.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa maabara, nachunguza figo za ng'ombe wa machinjio yale yale, nikitafuta bakteria aitwaye Leptospira. Daktari alipoamua kumwanzishia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, nilimwomba baba mdogo mkojo wake kabla hajameza kidonge cha kwanza. Alinipa bila kuuliza.

Leptospira ni uzi mwembamba uliojisokota, ncha zimepinda kama ndoana. Kwa umbo huwezi kujua huyu ni wa ng'ombe na yule wa panya. Ndiyo maana tulitoa vinasaba, tukazalisha kipande cha jeni iitwayo secY, kikapelekwa kusomwa.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Nikapanga mistari kwenye kompyuta: wa baba mdogo juu, chini yake wa figo, chini kabisa wa panya tuliowatega mtaani. Nikaburuza kidole kwenye kioo, A, C, G, T, herufi nne za vinasaba, herufi kwa herufi. Wa panya ulitofautiana sehemu nyingi. Wa figo haukutofautiana popote. Bakteria wa baba mdogo na wa figo wote walikuwa spishi moja, *Leptospira borgpetersenii*. Nikarudia mara tatu, mikono ikitetemeka. Jeni moja haitoshi kuapa kwamba ng'ombe fulani ndiye aliyemwambukiza, lakini kwangu njia ilikuwa imeonekana.

Jioni nikapanda kwake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ni wale panya wa stoo, sivyo?"

Nilikosa neno. Jina la homa ya mgunda, ugonjwa unaoletwa na Leptospira, wengi wetu tulikuja kulisikia Julai 2022, ilipozuka Lindi. Siku ile nikasema tu: kuna mdudu anakaa kwenye figo la ng'ombe, anatoka na mkojo, anaingilia kwenye mchubuko.

Akanyamaza. Akageuza kiganja cha kushoto, akanionyesha makovu ya kisu, mengine bado mabichi. Figo hulishika kwa mkono huo anapolichana, bila glavu.

"Na vijana wangu pale," akasema, "wao umewapima?"

Sikuwa nimempima hata mmoja. Saa tisa usiku tukashuka pamoja kwenda machinjioni.